Kimto cha Kumi na Mbili

Nyumbani, 4 Februari

Kifungo mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, na hayo yameshakata shauri lao. Usinipigie simu tena. Juzi ulipopiga nilibaki kusema "ee, ee" kama mtu anayeelewa, kumbe hata sijui ulikuwa unaniuliza nini. Miaka ishirini na sita nimesimama katikati ya mashine za kiwanda. Kilipofungwa walitupa cheti na aproni, masikio wakabaki nayo. Ujumbe wa simu nao sisomi, herufi zake ni ndogo kama sisimizi. Andika barua, mpe dereva wa basi la Jumanne. Ananijua, nilimpunguzia suruali.

Sasa usicheke. Nimeanza kushona takataka. Kitambaa sina, na mikono yangu haijui kukaa bure. Nilianza na mifuko ya nailoni: unaikata kwa kuzungusha kama unavyomenya chungwa, inatoka uzi mmoja mrefu, kisha unaufuma kwa sindano ya kulabu. Inakubali. Nikajaribu utepe wa kaseti, ukang'aa kama samaki. Nikajaribu magunia ya wavu ya vitunguu, yakanikwaruza vidole mpaka nikayatukana.

Nimeamua nitengeneze blanketi la vipande hamsini, kila kipande cha kitu ambacho watu wamekitupa. Ni la kitanda cha Mama. Chumba chake nimekipaka chokaa na dirisha limerekebishwa, linafunguka. Uliniahidi kurudi mwezi wa nne, na safari hii kurudi kabisa, si kuja na begi dogo na macho kwenye saa. Nimekaa peke yangu miaka miwili sasa. Nilidhani nitazoea.

Huko saluni mnafagia vitu vingi. Nitumie. Sitaki pamba wala hariri, nitumie vile ambavyo ungevitia pipani.

Dada yako,
Mkasi


Saluni, 15 Februari

Shikamoo Dada,

Barua imefika na nimecheka mpaka mteja akageuka, nusura nimchome na kichana. Mkasi anashona takataka. Mama angesikia angekuficha uzi.

Nakutumia mfuko. Kuna vipande vya nyuzi za kusukia, kuna karatasi za nailoni zinazokuja na rasta, na kuna mirija kumi na moja myembamba, laini. Hiyo naipata kwa muuguzi mmoja, mteja wangu. Ni safi, nimeichemsha mwenyewe. Nikaona huwezi kukosa kuipatia kazi.

Dada, mwezi wa nne hautawezekana. Mama Saluni amefungua chumba cha pili na hapati watu wa kazi, ananitegemea mimi. Tuseme mwezi wa sita. Usinune. Nakujua unavyonuna, unafunga mdomo kama umeshika pini.

Chokaa ni ya rangi gani? Nieleze chumba kilivyo, kila kitu mahali pake.

Mdogo wako,
Kifungo


16 Februari

Dada,

Hii siitumi. Naiandika ili niwe nimeisema hata kama ni kwa karatasi.

Jana nimekudanganya. Mirija ile ni yangu. Ndiyo inayoniingizia dawa, kila wiki ya tatu, na muuguzi ananiachia nikimwomba. Kilianza kama punje titini, nikakinyamazia mwaka mzima. Sasa kimeingia kwenye mifupa. Daktari ni mtu mpole, hakuzunguka. Amesema dawa hizi ni za kuchelewesha, si za kuponya. Mama Saluni ananipa chumba cha nyuma na hanidai kazi yoyote. Hakuna chumba cha pili. Sijashika kichana tangu mwaka uanze.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Siku tuliyomzika Mama, watu walipoondoka, ulikaa kizingitini ukavua kandambili. Ukasema: "Miaka minne nimemgeuza mgonjwa kulia na kushoto. Simgeuzi mwingine, hata awe nani." Hukunitazama uliposema, lakini pale tulikuwa wawili tu.

Sikulaumu. Niliona mikono yako ilivyokuwa, sabuni imeila mpaka nyama. Wewe ulimbeba Mama, mimi nilikuwa natuma salamu. Sina haki ya kukurudia nikiwa hivi nilivyo. Nataka urudi kwenye nyuzi zako, ucheke.

Lakini natamani kile chumba. Naogopa, Dada. Mchana hata sijambo, nasikia kelele za wateja. Naogopa kufa katika nyumba ambayo sijui mlango wa jikoni unavyolia.

Naiweka chini ya godoro.

Kifungo


Nyumbani, 9 Machi

Kifungo,

Mwezi wa sita. Haya.

Kwanza takataka, maana hizo hazinidanganyi. Mirija yako imenipa kipande kizuri kuliko vyote. Nilipitisha uzi mwekundu wa sufu ndani ya kila mmoja, kwa kuuvuta na waya, kisha nikaisuka. Unaona wekundu ukipita ndani taratibu, huchoki kuutazama. Mwambie huyo muuguzi namshukuru, na akiwa na mingine asitupe.

Nailoni ya rasta nilipanga tabaka sita, nikaweka gazeti juu, nikapiga pasi ili zishikane. Zilishikana, na pasi ikashikana nazo. Moshi ulitoka mpaka jirani akaja mbio na ndoo, akanimwagia maji mimi badala ya meza. Pasi imekufa. Lakini kipande kimetoka kigumu kama ngozi, nimekikata na kukitia.

Nina vipande ishirini na vitatu. Umeuliza chumba kilivyo. Chokaa ni nyeupe, nimeitia buluu kidogo. Kitanda kiko palepale, kichwa upande wa dirisha. Kabati la Mama nimelihamishia ukutani ili upate pa kupita. Mkebe wake wa vifungo uko juu yake, ule ambao ulimeza kifungo chake kimoja ukapewa jina hilo. Mlango wa jikoni bado unalia, wanavyoniambia.

Sasa niambie ukweli. Mimi si mtoto na kiziwi si kipofu. Mtu haahirishi kurudi kwao kwa ajili ya chumba cha pili cha mtu mwingine. Kuna mwanamume. Ungesema tu. Umefikisha miaka arobaini na minne, nani atakukataza? Lakini usinifanye nipake chumba chokaa huku wewe unapanga kupaka kwako.

Mkasi


Saluni, 2 Aprili

Shikamoo Dada,

Samahani kwa mwandiko. Nilijikata na wembe kwenye kidole, kalamu inaniponyoka.

Umenikamata. Yupo mtu. Ni fundi seremala, mtaratibu, hapendi maneno mengi. Nilikuwa naona haya kukuambia. Usimchukie bado, hajakukosea.

Nimesoma maelezo ya chumba mara nyingi. Nikifumba macho naona kabati pale ulipoliweka. Umefanya vizuri kulihamisha.

Katika mfuko mwekundu kuna nywele. Ni za mteja mmoja aliyeamua kunyoa zote kwa siku moja. Ni nyingi, na nimeziosha. Najua ni kitu cha ajabu kukutumia, lakini ulisema nisikuchagulie. Ningependa uzitie kwenye blanketi, kipande cha katikati kabisa. Tafadhali, Dada. Ni hicho tu ninachoomba.

Kifungo


Nyumbani, 28 Aprili

Kifungo,

Nimekaa wiki tatu nikitafuta la kusema kuhusu huyo seremala wako. Nimepata moja tu: mwanamume wa kweli huja kwao mwanamke, sura yake ikaonekana. Akifika nitampa kiti kibovu akitengeneze, ndipo nijue kama ni seremala.

Sitakuficha, nimeumia. Si kwa sababu yake. Kwa sababu umeniacha miezi nikihesabu vipande. Blanketi nimelisimamisha, liko vipande thelathini na sita, nimelikunja chini ya kitanda. Mwenye nyumba mpya hapelekewi blanketi la nailoni. Ukitaka kuja kutembea, njoo, shuka zipo.

Na zile nywele ziligoma kabisa. Nilijaribu kuzisokota pamoja na pamba, zikakatika, ni fupi mno. Nikazichemsha na sabuni nizigandishe kama sufu, chumba kikanuka siku mbili nikafungua lile dirisha lako. Huyo mteja ana nywele kama zako za utotoni, zile zilizokuwa zikipigana na kichana. Nilitaka kuzitupa. Halafu nikakumbuka Mama alivyojaza kimto chake cha pini: nywele tupu. Alikuwa akisema pamba hunyonya unyevu na pini hushika kutu, lakini nywele zina mafuta yake, pini hutoka laini kila siku.

Basi nimetengeneza vimto kumi na viwili. Nimevivisha vitambaa vya aproni za kiwandani. Jumapili wenzangu wa zamani walikuja, tuko kumi na mmoja tuliobaki na cherehani nyumbani ukiniondoa mimi, nikampa kila mtu chake. Walifurahi, wakavichomachoma pale pale kuvijaribu. Changu kiko juu ya cherehani, karibu na mkono.

Kwa hiyo mwambie mteja wako nywele zake zimepata ajira. Alinyoa zote kwa nini, alikuwa na msiba?

Mkasi


Saluni, 17 Mei

Shikamoo Dada Mkasi,

Hunijui. Mimi ndiye mwenye saluni ambaye mdogo wako amekuwa akinitaja. Wateja huniita Mama Saluni. Nakuandikia bila ruhusa yake na akijua atanikasirikia, lakini nimechoka kubeba siri ya watu.

Hakuna seremala. Mdogo wako ni mgonjwa, tangu kabla ya mwaka mpya. Ni saratani, imefika mpaka mifupani. Amelazwa hospitali wiki ya pili sasa na dawa wamezisimamisha, wamesema hazina tena msaada. Nilimwambia mara nyingi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anacheka tu, anasema, "Dada yangu ameshauguza zamu yake."

Nilipokuwa natandua kitanda chake nilikuta barua chini ya godoro. Niliisoma, Mungu anisamehe. Nimeiweka humu.

Nywele ulizopokea ni zake. Zilianza kubaki mkononi kila akijikuna kichwa, akaniomba nizinyoe zote kabla hazijaisha. Nilimnyoa mimi, tukiwa wawili. Alizikusanya mwenyewe hadi ya mwisho. Barua yako ya vimto nilimsomea mimi kwa sababu macho yamemchoka. Akasema, "Angalau ananishika kila siku."

Kila asubuhi ananiuliza kama blanketi limekwisha. Daktari hasemi siku. Njoo, Dada. Hospitali ni hatua chache kutoka stendi, uliza saluni ya mlango wa kijani mtu yeyote atakuleta.

Mama Saluni


Nyumbani, 20 Mei

Kifungo wangu,

Nampa dereva barua hii ifike kabla yangu. Nakuja Jumamosi.

Nimesoma karatasi ya chini ya godoro. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ulimi hauna mfupa, mdogo wangu. Siku ile sikuwa nasema na wewe. Nilikuwa nasema na kitanda. Nilikuwa na miaka minne ya usingizi machoni, ningeambiwa nimgeuze malaika ningekataa. Wewe ukalichukua neno la mtu mchovu ukaliweka kama amri. Kwa nini hukuniuliza siku ya pili yake? Ningekuambia. Ningekupiga kofi kwanza, kisha ningekuambia.

Nitakugeuza kulia. Nitakugeuza kushoto. Nitakugeuza mpaka wewe ndiye useme basi. Chumba kipo, kitanda kipo, mlango wa jikoni nitamwambia mtu yeyote asiutie mafuta. Nitaongea na dereva akulaze viti vya nyuma, tutarudi pamoja.

Ningeondoka leo hii na basi hili. Lakini siwezi kuja kwako mikono mitupu baada ya kuchoma nywele zako pini mwezi mzima. Uliniomba kitu kimoja tu, nikakifanyia mzaha. Nitapita kwa wenzangu wote kumi na mmoja nivirudishe vimto, nivifumue. Nywele nitazitandaza kati ya vitambaa viwili vya chandarua na kuzishonea humo, hapo hazitakatika. Kipande cha katikati kabisa, kama ulivyosema. Na vipande vilivyobaki nitavimaliza, sitalala. Umeulizia blanketi kila asubuhi. Utalipata.

Nisubiri siku nne. Ni siku nne tu.

Dada yako


Nyumbani, 14 Juni

Mama Saluni,

Nakushukuru kwa kila ulichofanya. Uliuguza ndugu yangu wakati mimi nafuma nailoni, na sina neno la kukulipa. Umeuliza kama nimeanza kulala. Nalala mchana kidogo.

Naandika kwa sababu pale hospitali sikuweza kukueleza, na wewe ulikuwa mstaarabu hukuniuliza. Ulitaka kujua kwa nini sikujibu.

Jumatano ulimsomea barua yangu. Ukaniambia alisikiliza mpaka mwisho, akakushika mkono akasema, "Mwambie aache blanketi. Aje yeye. Nilikuwa nauliza blanketi kwa sababu nilijua likiisha ndipo atakuja." Nawe ukapiga simu. Ilipigwa mara tisa, nimeziona. Ilikuwa juu ya kabati la Mama, hatua mbili kutoka nilipokaa, na mimi nimewapa mgongo wote wawili, simu na kabati. Ukatuma ujumbe. Juzi jirani ameniazima miwani yake nikaufungua. "Dada njoo leo hii, anakuita, usingoje Jumamosi." Upo pale, wa Jumatano, saa tatu asubuhi. Kulikuwa na basi la saa tano.

Basi hilo likiondoka, mimi nilikuwa nazunguka mitaani kudai vimto. Ilikuwa kazi, dada yangu. Mmoja alikuwa amempa mkwewe, nikamfuata mkwe. Mmoja aliloanisha chake, amekianika juu ya paa. Mmoja alikataa, akaniuliza zawadi hurudishwa tangu lini, nikalia mbele yake kama mtoto ndipo akakitoa na pini zake humo humo. Jioni ya Alhamisi nilikuwa navyo vyote kumi na kimoja. Ijumaa kutwa nilishona. Nilifurahi, usinicheke. Nilikuwa naongea naye kwa sauti. Nilimaliza kipande cha hamsini jua likiwa bado lipo, nikasema, Kifungo, nimeshinda.

Wewe unajua Ijumaa hiyo alituacha saa ngapi. Umeniambia saa nane mchana, na kwamba alikuwa ametazama mlango.

Yule mhudumu wa chumba cha maiti hakunikosea. Alilipapasa blanketi akasema vitu vya plastiki haviruhusiwi kwenda naye, ni kanuni. Nilimwonyesha kipande cha katikati nikamwambia hizi ni nywele zake mwenyewe. Akasema anaelewa, lakini ni kanuni. Kwa hiyo alikwenda kaburini na shuka la hospitali, nami nikarudi na blanketi mapajani.

Sasa limetandikwa kitandani kwa Mama. Jirani aliligusa akasema linapiga kelele kama majani makavu, mtu asingepata usingizi humo hata kidogo. Mimi nililifuma miezi minne na sikuwahi kujua. Hakuna aliyeniambia, na nisingesikia.

Jana nilirudi kwenye cherehani. Mtu ameleta pazia, nikaona bora nishike kitu. Nilinyoosha mkono kuchukua pini, na mkono ukaenda wenyewe pale unapokwenda siku zote.

Nilisema nilikusanya kumi na kimoja. Nilivihesabu usiku na mchana, kumi na kimoja, kumi na kimoja, kwa sababu ndivyo nilivyogawa. Cha kwangu sikukihesabu. Kilikuwa juu ya cherehani siku zile zote, karibu na mkono wangu wa kulia, nami nikichomoa pini na kuchomeka, nikichomoa na kuchomeka, nikishonea nywele zake zile nyingine.

Nimekichunguza vizuri dirishani. Pini zake ni arobaini na tatu. Hakuna hata moja iliyoshika kutu.

Wako,
Mkasi